Kuhusu Steki Iliyolainika Kupita Kiasi Nyumbani Kwangu

Kwa Mhariri,
Gazeti la Sauti ya Bonde,
Pell Creek, Nebraska.

Ndugu Mhariri,

Nakuandikia nikiwa mezani jikoni kwangu, mchana kweupe, akili zangu timamu na kofia nimeivua kwa heshima yako. Sijawahi kulisumbua gazeti lako. Hata ule mwaka mlipochapisha picha yangu mkaweka chini yake jina la fahali, sikusema kitu, kwa kuwa fahali mwenyewe alikuwa amepata zawadi ya kwanza. Lakini safari hii yamenifika shingoni, na naomba unipe nafasi.

Malalamiko yangu yanamhusu Bi. Orpha Tietz, mwandishi wa ile safu yenu ya mapishi ya jioni. Baridi ilipoanza aliwafundisha wasomaji kupika steki katika chungu cha umeme. Maelekezo karibu yote ninayo kichwani, maana yamesomwa kwa sauti nyumbani kwangu kama Injili. Chukua steki za paja, zile ngumu za bei ya chini ambazo hakuna mgeni anayewekewa. Zipake unga, chumvi na pilipili manga. Zibabue kidogo kwenye kikaango zipate rangi. Zilaze chunguni juu ya vitunguu, mwagia kopo la supu ya uyoga, funika, weka moto mdogo, nenda kazini. Ukirudi jioni, kula. Akaishia hapo. Hakuandika neno hata moja la tahadhari juu ya yale yatakayofuata.

Mimi ni mfuga ng'ombe, kama baba yangu. Kikosi chetu cha zimamoto kinapofanya karamu yake ya kiangazi, mimi ndiye ninayesimama nyuma ya jiko la kuchomea. Mke wangu Darlene alipopata kazi katika ofisi ya barabara za kaunti, akawa anarudi jioni hoi, nililichukua jukumu la chakula kwa moyo mweupe. Nilichoma steki. Theluji ikidondoka, nilichoma nimevaa koti. Nyama yangu ilikuwa na msimamo. Mtu akiitia mdomoni alijua ana kazi ya kufanya. Darlene alitafuna, akashukuru, akaenda kulala. Hivyo ndivyo tulivyoishi kwa amani mpaka gazeti lako lilipoletwa mlangoni.

Sasa naomba niyataje madhara, moja baada ya jingine.

La kwanza ni visu. Tulipoolewa, kwa maana ya Darlene kuolewa na mimi kuoa, tulipewa visu vya steki vyenye mipini ya pembe. Nimevinoa kila Jumamosi tangu wakati huo. Siku ile ya kwanza ya chungu nilichukua changu, nikakikunjia kiganja, nikaigusa nyama, nayo ikaachana yenyewe kabla sijakandamiza. Darlene akaniambia, "Tumia uma tu, mume wangu." Nikatumia uma. Visu viko kwenye droo, vikali, havina pa kwenda.

La pili ni zito zaidi. Zamani mezani kwetu kulikuwa kimya. Mimi nilidhani ni kimya cha ndoa iliyotulia. Kumbe, Ndugu Mhariri, tulikuwa tunatafuna. Nyama ilipolainika, midomo ikawa wazi, na mtu mwenye mdomo ulio wazi husema. Jioni ya pili ya chungu, Darlene aliweka uma chini akasema, "Lowell, unajua nimetaka kile chumba cha juu kipakwe rangi tangu binti yetu aondoke?"

Nikamwambia sikujua.

"Ningekwambia lini? Kila nikitaka kusema nakuta bado nina kipande shavuni."

Nimekipaka rangi chumba hicho. Ni ya zambarau isiyokolea. Baadaye nikaambiwa pia kwamba hapendi koti langu la njano, kwamba anataka tukaione bahari kabla hatujazeeka, na kwamba alinipenda kwanza kwa jinsi nilivyokuwa nikicheza dansi. Nilikaa na habari hizo nisijue niziweke wapi.

La tatu ni baba yangu. Mzee Emil Hruska anaishi kwenye nyumba ndogo upande wa pili wa ua wetu. Tangu mama alipofariki alikuwa akila biskuti za chumvi alizozilowesha katika maziwa, na si nyingi. Suruali zake alizifunga kwa kamba. Nesi wa kliniki alipokuja kumpima alinivuta kando akaanza kunieleza habari za makao ya wazee yaliyoko mjini, eti yana madirisha mazuri. Mimi kila jioni nilikuwa nikimpelekea steki yangu, na kila asubuhi niliikuta sahanini jinsi nilivyoiacha, isipokuwa alama za meno ya bandia pembeni. Nikadhani ni huzuni.

Darlene akampelekea sahani kutoka kwenye chungu. Ilirudi imepanguswa. Kesho yake Mzee alivuka ua mwenyewe, kwenye barafu, uma wake mfukoni, akakaa kwenye kiti changu.

"Nyama hii ina adabu," alisema. "Haishindani na mtu."

Naomba nieleweke. Nafurahi kwamba baba yangu anakula. Nesi amerudi, amempima, na habari za madirisha hazitajwi tena. Ninacholalamikia ni nguvu alizozipata. Mzee huyu sasa anasimama kwenye uzio asubuhi akinielekeza namna ya kuchimba shimo la nguzo. Ananiuliza mbele ya daktari wa mifugo ni nani aliyenifundisha kufunga kamba ya ng'ombe namna ile, na mimi siwezi kujibu, kwa sababu ni yeye. Nilikuwa na mzazi mpole anayefifia. Gazeti lako limenirudishia baba.

La nne nilikuwa nalo asubuhi lakini limenitoka. Nilinyanyuka kuchungulia chungu, jambo ambalo Bi. Orpha amelikataza, na niliporudi kwenye karatasi nikakuta limekwenda. Ruhusu nafasi yake aichukue mbwa. Mbwa wetu alikuwa mnene. Sasa amekonda, na jioni ananitazama kutoka chini ya meza kama mtu aliyefiwa. Nimetambua, bila kupenda, njia ambayo sehemu kubwa ya steki zangu ilikuwa ikipita.

La tano, ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nina mdogo wangu anaitwa Ladd. Anafuga ng'ombe kama mimi, na kati ya ardhi yake na yangu kuna uzio mmoja tu. Siku tuliyomzika mama, msafara ulipotoka nyumbani kuelekea kanisani, tulikuta ng'ombe wetu wametoka malishoni wamejaa barabarani, na mbele yao ng'ombe mwekundu wa mama amesimama katikati hataki kusogea. Gari la maiti likasimama. Kasisi akashuka akaanza kuwaswaga kwa kitabu chake cha sala. Ladd akanigeukia mbele ya watu akasema mimi ndiye niliyeacha geti wazi. Nikamwambia ni yeye, maana ndiye aliyepita pale mwisho. Tukazika, tukarudi, na tangu hapo hatukusemeshana kwa miaka kumi na mmoja.

Ulikuwa ugomvi mzuri, Ndugu Mhariri. Tuliutunza. Kanisani kila mmoja alikuwa na upande wake. Uzio ukianguka, nilimwambia daktari wa mifugo, naye akamwambia Ladd. Nilikuwa na maneno matatu makali niliyoyaandaa kwa siku atakayokuja kuniomba msamaha, na kila mwaka niliyaboresha.

Basi Mzee, kwa nguvu zile mpya, alipelekwa na Darlene mkahawani, akaanza kujigamba mbele ya wakulima wenzake kwamba nyumbani kwa Lowell steki inakatwa kwa kijiko. Ladd alikuwa kwenye meza ya pili. Akacheka. Akasema aliyezaliwa kwenye familia ile anazijua steki za Lowell, na kwamba aliwahi kuona moja ikitumika kuzuia mlango.

Mzee akamjibu, "Njoo Jumanne ujionee, au ufunge mdomo wako."

Jumanne ikafika, pikapu yake ikaingia uani. Nilimwona dirishani, nikaanza kuyatafuta yale maneno yangu matatu. Ladd akasimama mlangoni na kofia kichwani. Amekuwa na mvi. Hakuna aliyeniambia kwamba mdogo wangu amekuwa na mvi.

"Nimekuja kwa ajili ya nyama," alisema, akimtazama Darlene.

"Nyama iko mezani," alisema Darlene. "Vua viatu."

Akaketi mkabala nami. Akachukua kijiko, si uma, akakizamisha kwenye steki, kikapita mpaka sahanini. Akala. Akala kipande cha pili, na viazi vya kuponda vilivyolowa mchuzi, akafuta sahani kwa mkate. Kisha akauliza, "Nani amepika hii?"

"Chungu," alisema Darlene. "Sisi wote tulikuwa kazini."

Hapo Mzee akakohoa. Akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Lile geti alilifungua ng'ombe mwekundu."

Tukamtazama.

"Alikuwa analifungua kwa ulimi. Komeo lile lilikuwa legevu, analisukuma mpaka linatoka. Mama yenu alijua. Alikuwa akimpa mkate ili amwone akifanya hivyo, na anacheka peke yake pale uzioni."

Ladd akauliza, na sauti yake haikuwa nzuri, "Baba, mbona hukusema miaka yote hii?"

"Jioni ile ya mazishi, nilipokuwa na nyinyi mezani," alisema Mzee, "mdomo wangu ulikuwa umejaa nyama ya Lowell. Baadaye mkaacha kuja pamoja mezani."

Sikujua nicheke au nifanye nini. Ladd alikuwa ameinamia sahani tupu, mabega yanamtikisika, nikadhani anacheka, na pengine mwanzoni alikuwa anacheka. Kisha akasema, "Basi alikuja kumsindikiza mama."

Darlene alishika bakuli la viazi akalishikilia tu. Mimi nilikuwa na maneno yangu matatu, yamenolewa vizuri, na mdomoni mwangu hamkuwa na kitu cha kuyazuia. Nilichosema ni, "Ongeza mchuzi, Ladd." Akaongeza.

Tangu jioni hiyo sina ugomvi. Mtu wa umri wangu anaanzaje mwingine? Ladd anakuja kila Jumanne. Anaazima koleo yangu. Ananiambia uzio wangu umeinama upande wangu, nami namwambia umeinama upande wake, tunakwenda kuutazama pamoja na kukaa huko mpaka Darlene apige honi. Juzi daktari wa mifugo alinilalamikia kwamba hana tena sababu ya kupita kwangu.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naomba mambo yafuatayo kwa unyenyekevu. Kwanza, gazeti lichapishe onyo, kwa herufi nene, kwamba steki ya chungu cha umeme haifai kwa familia zenye utulivu. Pili, Bi. Orpha aelekezwe, wiki ijayo na zinazofuata, kufundisha chakula kigumu: mahindi makavu, au hata mkate wa juzi, chochote kitakachowafunga watu midomo hadi wakati wa kulala. Na ikiwezekana kaunti iangalie kama chungu cha aina hii kinaweza kumilikiwa bila kibali, kwa kuwa bunduki ya baba yangu ina kibali na haijawahi kusababisha hata nusu ya haya.

Nakushukuru kwa kunisikiliza hadi mwisho, huku nikitumaini kwamba hili utalipa uzito unaostahili. Nisalimie mpiga chapa na kijana wa magazeti. Nisalimie pia mama yako, mwambie goti langu halijambo. Msalimie Bi. Orpha mwenyewe, kwa kuwa pamoja na yote sina chuki naye, na umwambie kwamba hapa kwetu tunatia karoti pia.

Ni mimi msomaji wako mwenye masikitiko,

Lowell Hruska

Baada ya kutia sahihi: Nilikuwa naitafuta bahasha Ladd alipoingia, ingawa leo si Jumanne, akauliza ninaandika nini. Nikamwambia ni malalamiko kwa gazeti. Akasoma akiwa amesimama. Akasema pale palipoandikwa kwamba mabega yalimtikisika patolewe, kwa sababu yeye pia hulinunua gazeti lako. Nami naona ana haki. Tafadhali litoe lile la tano lote. Darlene amepiga simu kutoka kazini, nikamsomea kidogo, naye anasema habari ya dansi si ya kuchapishwa, kwa hiyo toa la pili. Mzee hatapenda watu wasome kuhusu kamba ya suruali, basi toa na la tatu. Mbwa siwezi kumwaibisha peke yake. Visu Ladd ameviomba akachinjie kuku, nimempa. Utaona kwamba kilichosalia ni yale maelekezo ya Bi. Orpha na salamu zangu kwake. Hayo yachapishe, na kwa herufi kubwa, kwa sababu nakala yetu imelowa mchuzi haisomeki, na kesho zamu ya kupika ni yangu.