Vitanda Arobaini Bila Kodi

Jumatatu, 3 Juni
Zahanati mpya imeagiza vitanda arobaini. Imesamehewa VAT, kwa hiyo Bosi anataka bei bila kodi. Hapa dukani kitanda ni laki moja na ishirini elfu, na humo ndani mna kodi ya asilimia ishirini. Kiti cha msimamizi wa mauzo kiko wazi tangu mwezi jana. Bi Senti, keshia wetu, alikuwa bado anasaka miwani. Mimi nimeshatoa asilimia ishirini. Elfu tisini na sita. Nikapanda ngazi mbilimbili hadi kwa Bosi.

Jumanne, 4 Juni
Bi Senti kanifuata hadi kwenye makabati. Anadai bei sahihi ni laki moja kamili, eti jumla inagawanywa kwa moja nukta mbili. Nimemwambia, dada yangu, kutoa ni kutoa. Kisha nikamdokeza Bosi kwamba humu dukani kuna watu wenye kijicho. Katia sahihi ankara yangu bila kuisoma.

Jumatano, 5 Juni
Zahanati imelipa leo leo. Mhasibu wao kanishika mkono kwa mikono yake miwili, akauliza kama tunauza na meza. Heshima hiyo. Nyumbani nikamwomba mke wangu aanze kuniita Msimamizi. Kasema ataanza akiiona barua.

Alhamisi, 6 Juni
Bosi katuita wote wawili. Kila kitanda kimepunjwa elfu nne. Vitanda arobaini. Laki na sitini imeota mbawa. Bi Senti akapanga vikombe sita mezani: vitano bei yetu, kimoja kodi.

"Mwenzetu kaondoa hiki cha kodi," akasema, "halafu kamega na cha kwetu."

Nikasema vikombe si vitanda. Bosi akaniamuru niiongezee elfu tisini na sita yangu asilimia ishirini, tuone kama itarudi laki na ishirini. Ikaja laki moja na kumi na tano elfu na mia mbili. Nikabadilisha betri za kikokotoo. Ikaja ileile. Betri za siku hizi ni ovyo kabisa.

Ijumaa, 7 Juni
Bi Senti ndiye msimamizi. Mimi nimepelekwa stoo, kuhesabu magodoro. Mshahara umekatwa asilimia ishirini kwa miezi mitatu. Nikijirekebisha, Bosi ataongeza asilimia ishirini juu ya huo uliobaki. Yaani nitarudi palepale. Hii nayo adhabu?

Nikaona nimwonyeshe kuwa sitishiki. Nikamwambia akate hata thelathini, mradi akija kuongeza, aongeze thelathini. Bosi akatazamana na Bi Senti. Kalamu ikatoka haraka. Nami nikaisaini barua upesi, kabla hawajashtuka.

Mke wangu kaisoma barua mara mbili, kisha kaenda kukaa nje peke yake. Furaha nyingine humzidi mtu.