Supu ya Mwani Siku ya Usaili

Jumatatu, 4 Machi

Basi! Nimechoka kusugua migongo ya wanaume uchi. Mimi, Gu Tae-sik, mtanashati wa jiji zima la Daejeon, nitakuwa mtu wa bima. Suti! Tai! Wateja waliovaa nguo! Usaili ni keshokutwa. Nilipomdokezea Man-su, msuguaji mwenzangu hapa kwenye bafu la umma, alicheka mpaka glavu ya kusugulia ikamponyoka. Akasema niende salama tu, kaka, yeye atahamia kitanda changu cha kusugulia, kando ya hodhi la maji ya moto, ndiko wateja wanakokimbilia. Thubutu yake!

Jumanne, 5 Machi

Nimemwambia Bi. Bok-rye, mwenye bafu, kwamba kesho ni siku yangu ya kuzaliwa. Ruhusa nimepata papo hapo. Akili ni nywele, na mimi sina upara!

Jumatano, 6 Machi, asubuhi

Balaa! Bi. Bok-rye kanigongea mlango na sufuria ya supu ya mwani. Eti siku ya kuzaliwa bila supu ya mwani si siku ya kuzaliwa, mwanangu. Kweli. Lakini siku ya usaili supu hiyo huigusi! Mwani unateleza, na wewe utateleza nao, usaili ukushinde. Hata mtoto anajua. Kasimama palepale mpaka nikamaliza bakuli. Kaniongezea jingine.

Dawa ya kuteleza ni kunata. Nimenunua peremende za kunata, nimejaza mdomo.

Jioni

Meno yaligandana! Mkurugenzi ananiuliza kwa nini naipenda bima, mimi "mmmh." Akanihurumia, akageuka kunimiminia maji. Lahaula! Uso ule sikuujua, ila mgongo ule, bega la kushoto juu juu, ndio ninaousugua kila Jumapili! Mikono ikaenda yenyewe. Nikabonyeza. Akapiga ukelele wa raha mpaka katibu wake akaingia mbio. Kisha akaniambia, machozi yakimlenga, kwamba wauza bima anao tele, mikono kama hii hana pengine pa kuipata. Nirudi bafuni, tena upesi.

Kazi imeniponyoka. Mwani huo!

Jumamosi, 9 Machi

Raha, jamani! Mkurugenzi kaleta ofisi nzima. Foleni mpaka mlangoni, wote uchi, wote wanamtaka Tae-sik. Man-su kanuna, ananibebea ndoo. Mzee mmoja kateremka kitandani akaanza kuimba. Nami nikaimba. Kumbe kazi hii naipenda! Suti nilikuwa naitakia nini?

Ila mtu awe na malengo. Kuna chuo cha wasuguaji kinatafuta mwalimu. Mwalimu Gu! Usaili ni Jumanne. Bi. Bok-rye nimeshamwomba ruhusa. Kaniuliza, we mtoto, si umezaliwa juzi tu? Nikamjibu ile ilikuwa ya kalenda ya jua, Jumanne ndiyo ya kalenda ya mwezi.

Kaamini! Kafurahi huyo, kachukua kikapu, kaenda sokoni kununua mwani.