Kisanduku cha Mwandalizi

Jumatatu, 3 Machi
Khue, mjukuu wangu, acha uzembe! Miaka kumi na sita ya shule, na bado unakodolea macho majina ya wafu wetu! Ukoo umempa Khue kazi ya kuhamisha daftari la siku za vifo, ambazo kila mwaka tunazikumbuka kwa karamu, kutoka kompyuta kuukuu hadi programu mpya ya simu. Anasema ana chombo cha kunakili. Visanduku vyenye jina moja, "tarehe" na "tarehe", kinavijaza chenyewe. Visivyofanana, lazima kielekezwe. Hata bata huelekezwa!

Jumanne, 4 Machi
Habari tamu! Daftari jipya lina kisanduku "mwandalizi", yaani mwenye kuandaa karamu. La zamani halina. Kitabaki kitupu! Jumamosi tunamkumbuka baba mkwe. Kila mwaka karamu huandaliwa na Cuc, mke wa shemeji yangu mkubwa, na kila mwaka tunatafuna kuku mkavu kama ndala. Wazee wameapa kufuata simu. Basi simu iseme Thoa. Thoa ni mimi.

Jumatano, 5 Machi
Khue amekataa. Ati mke wa mtoto wa pili hana haki hiyo. Nikagoma kupika. Saa saba akauliza, bibi, tambi ziko wapi? Nikamwambia aulize kompyuta. Saa nane kaandika amri: mwandalizi, Thoa. Akataka aijaribu kwanza. Ajaribu nini? Bonyeza!

Alhamisi, 6 Machi
Cuc kapiga simu. "Hongera, mdogo wangu. Mwaka huu mimi ni kula tu." Mbona anacheka?

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Amri haikutaja marehemu yupi. Imeniandika kwa wote. Wafu sitini na watatu! Leo ni siku ya shangazi wa babu ya mume wangu, ambaye hata sura yake haijulikani. Saa nne asubuhi, watu thelathini walioitwa na simu wako mlangoni, ubani mkononi. Mimi nina mayai sita. Cuc mbele kabisa: "Mdogo wangu, kuku yuko wapi?"

Jumamosi, 8 Machi
Wazee wameamua Khue aandike upya, kila marehemu na mwandalizi wake wa haki. Baba mkwe karudi kwa Cuc. Mimi nimekalishwa meza ya mwisho, karibu na choo. Kuku mkavu vilevile.

Khue, weka bakuli chini! Ongeza kisanduku kipya: mwosha vyombo. Jaza Cuc, kwa wafu wote. Usijaribu kwanza. Bonyeza!