Shoka Langu na Protini Mbovu

Jumanne, 1 Machi
Natoka kwa daktari. Kile kinofu walichonikata pajani kimetoa jibu. Eti mwilini mna viwanda vidogo vidogo, vinachoma chakula kwa hewa ili nipate nguvu. Protini moja humo ni mbovu tangu nizaliwe. Ujanani vilimudu, uzeeni vimechoka. Ndiyo maana nikipasua kuni kidogo mikono inakufa. Dawa ya kuiponya hakuna. Kanikataza mashindano ya Jumamosi. Mimi! Bingwa wa kukata magogo bonde zima la Huon!
Protini mbovu? Nitakula nzima. Nimemaliza trei ya mayai.

Jumatano, 2 Machi
Nimetapika. Binti yangu Gwenda kacheka. Eti protini ile mwili huijenga wenyewe, haitoki kwa kuku. Mtoto hajui kitu.
Nimenoa shoka. Nimemkumbuka marehemu mke wangu, Noreen, pale uzioni na chupa ya chai, akipaza sauti, "Wangoje, Alwyn, wangoje!" Maana kwetu mwamuzi huhesabu kwa sauti; mnyonge huanza kwenye namba ndogo, bingwa hungoja namba yake iitwe. Mimi niliitwa mwisho. Wenzangu vibanzi vinaruka, mimi nimesimama tu juu ya gogo. Uwanja kimya. Utamu ule!
Nataka gogo moja tu likatike mbele ya uzio ule. Kisha nitundike shoka.

Alhamisi, 3 Machi
Hila! Nimemwendea Des, mpanga namba. Nikamweleza ugonjwa wote, nikaongeza kikohozi. Akauliza protini na kikohozi wapi na wapi. Nikazidi kukohoa. Kanipa namba tatu, pamoja na wanaojifunza! Hasimu wangu Rex Dobney ni wa mwisho. Nitamaliza yeye bado anajikuna.

Jumamosi, 5 Machi
Nikapanda gogoni. Uzio uleule. Moja, mbili, tatu... Rex, juu ya gogo la jirani, akasema, "Haya mzee, watoto wenzako wanaanza!"
Nani, mimi? Nikasimama. Gwenda akapiga kelele, "Baba, namba yako! Kata!" Sikukata. Nikangoja mpaka namba ya Rex. Uwanja kimya. Nusura nimsikie Noreen.
Nikashusha shoka. Vibanzi kama sahani, jamani! Halafu mikono ikaisha. Viwanda vimefungwa. Rex alipomaliza lake akanishusha yeye mwenyewe, akanipa chai. Gogo langu nusu.

Jumapili, 6 Machi
Rex kaja kunijulia hali. Kasema mwakani nianze kwenye tatu, nilikate liishe, Noreen afurahi. Nimemwambia mwakani namba yangu itaitwa baada ya yake.
Nimeshajua kosa. Mayai ya kuku hayana nguvu. Nimeagiza bata.