Sindano na Kichwa Changu

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Ukuta wa ghala, ghorofa nne juu, unataka maandishi makubwa. Nani ana mkono wa herufi mjini hapa? Mimi! Ila msimamizi kasema kiti cha kamba kinabeba kilo sabini na tano, na mimi nina themanini na moja. Nisipofikia uzito huo kabla ya Jumamosi, anapanda Sindano, mwandishi mwenzangu wa mabango. Sindano! Herufi zake zinafanana na minyoo iliyokufa. Nimeapa: asubuhi yai, jioni tango, basi. Sindano kaniuliza kama nitaanza kwa kupunguza maneno, maana ndiyo mazito. Nimemwandika kwenye kumbukumbu.

Jumanne, tarehe 4
Kichwa kinagonga. Nimechunguza. Sindano kaacha mkebe wa thina ya kuyeyushia rangi wazi, hatua tatu kutoka puani kwangu. Nimemuuliza mbele ya watu, kajibu eti kifuniko kimepotea. Kimepotea chenyewe? Nimeufunika kwa kigae. Kichwa bado. Harufu imeshaingia ndani, hiyo.

Jumatano, tarehe 5
Maumivu yamehamia nyuma ya macho. Leo namshuku dada. Kafua foronya yangu kwa sabuni mpya, bila kuombwa! Kasema, mdogo wangu, kichwa kinakuuma kwa sababu tumbo halina kazi. Nimemjibu mambo ya kitaalamu aniachie mwenyewe. Nimelalia suruali zangu. Shemeji kanisogezea mkate huku anatabasamu. Tangu lini shemeji anatabasamu?

Alhamisi, tarehe 6
Nimepima kwenye mizani ya muuza nafaka: sabini na saba! Mwili wa chuma huu. Saa nne Sindano kaniletea mkate wenye siagi, eti kula, kaka, unatetemeka. Mbinu nimeiona toka mbali. Nimempa mlinzi wa ghala, nikasimama pembeni kuangalia kama ataanguka. Hakuanguka. Kauliza kama kuna mwingine. Sumu ya taratibu, labda.

Ijumaa, tarehe 7
Lita moja ya maji ni kilo moja. Hesabu hiyo wasomi wote hawakuifikiria! Nimeacha maji. Kichwani kahamia seremala na wanafunzi wake watatu. Nimejaribu herufi kwenye ubao, mstari ukatoka kama njia ya mlevi. Brashi imechezewa. Nimehesabu manyoya yake, lakini sikumbuki yalikuwa mangapi mwanzo.

Jumamosi, tarehe 8
Sabini na nne na nusu!!! Nimewaonyesha wote, hadi wapita njia. Nikakaa kwenye kiti, wakavuta kamba. Mita mbili tu juu, ghala likaanza kuzunguka. Nimepiga mstari mmoja safi kabisa. Kwenye kofia ya msimamizi.

Wakanishusha. Msimamizi kasema kamba imenikubali ila kichwa kimenikataa, na yeye hataki kuokota mtu chini. Sindano kamaliza nusu mkate, akajifuta mdomo, akapanda. Nimemtazama akiandika herufi yangu ya kwanza. Roho imeniuma kuliko kichwa.

Mlinzi kanipeleka zahanati. Muuguzi kanipima presha, kaniuliza nimekula nini wiki nzima. Nimemwambia. Kacheka mpaka akakaa. Kasema ni njaa na kiu, baba, hakuna kingine. Nile, ninywe maji, uzito nipunguze kidogo kidogo, nusu kilo kwa wiki. Halafu kaniuliza Sindano hajambo? Ahaa! Wanajuana!

Jumapili, tarehe 9
Dada kanisimamia kama askari. Nimekula asubuhi, nimekula mchana, nimekunywa jagi zima. Saa nane kichwa kimepona, kimya, kama hakijawahi kuuma. Dada kasema unaona? Naona, tena vizuri kuliko yeye. Sindano leo yuko ukutani tangu alfajiri, anamalizia kazi. Mikono yake imeshika brashi, angepata wapi nafasi ya kunishughulikia? Ushahidi umekamilika.

Msimamizi kapitisha habari kuna ukuta mwingine mwezi ujao, mrefu zaidi, kamba ileile. Safari hii sichezi. Nimeanza leo hii hii. Jioni dada kaleta sahani, nimeirudisha. Maji pia.

Saa tatu usiku. Kichwa kimegonga mara moja. Nimechungulia dirishani: hakuna mtu. Nimechungulia chini ya kitanda. Hakuna.

Kajificha wapi huyu?