Ombi la Kumfufua Muuza Tofu wa Sehemu ya Tisa

Kwa Mtayarishaji Mkuu wa katuni ya "Mvua ya Mtaa wa Nyuma",
Tokyo.

Ndugu Mtayarishaji,

Mvua za mwezi wa sita zimeanza huku Okunari na mfereji ulio mbele ya duka letu umefurika tena. Natumaini huko Tokyo mnakaa pakavu.

Jina langu ni Itsue Kuwabata. Mimi ni mwandishi wa habari wa gazeti la mji huu, kazi niliyoianza kabla wengi wa wachoraji wako hawajazaliwa. Mume wangu, Senzaburo, ana miaka sabini na mmoja na anasaga maharage ya soya na kutengeneza tofu katika lile duka lenye pazia la buluu, ambalo mmelichora vizuri sana, hata ufa wa kioo mmeuweka mahali pake. Katika sehemu ya tisa mmemuua. Nakuandikia kuomba umrudishe, kwa sababu hapa mtaani ameshahesabiwa miongoni mwa wafu, na mimi namhitaji dukani.

Kwanza ukweli wenyewe. Aliyeandika riwaya mliyoitoa katuni yenu alipanga chumba juu ya kinyozi, jirani yetu, akawa ananunua tofu kwetu. Katika kitabu chake muuza tofu anaishi hadi ukurasa wa mwisho, ananung'unika, na hafanyi jambo lolote la maana. Huo ni uandishi mwaminifu. Katika katuni yenu mtu yuleyule anatoka kwenye mvua kumpelekea msichana mgonjwa bakuli la tofu, anaanguka darajani, anakufa akitabasamu. Mume wangu hajawahi kumpelekea mtu tofu ya bure. Kuhusu kutabasamu, ninayo picha ya harusi yetu, nikitakiwa nitaileta kama ushahidi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Wageni wanakuja kwa treni kuona mahali mlipopachora. Hilo si kosa, barabara ni ya watu wote. Lakini wanaacha maua mlangoni, pamoja na ubani na kahawa za kopo, kwa kuwa marehemu wenu alipenda kahawa. Wangu haigusi. Kila asubuhi inambidi ayasogeze maua ya msiba wake ndipo aweze kufungua duka.

2. Wageni hao wana maoni, na wanayatoa wakiwa wamesimama mbele yake. Nanukuu mazungumzo ya Jumapili moja kama nilivyoyasikia nikiwa kwenye kaunta. Walikuwa wawili, kijana na msichana, na mume wangu alikuwa akiwakatia tofu ndani ya beseni la maji.

"Kile kifo walikitendea haki," kijana alisema. "Mimi nililia mpaka mama akaja kugonga mlango."

"Haki ipi? Kitabuni mzee hafi. Wamemuua ili wakulize wewe."

"Bora wamemuua. Kitabuni alikuwa anachosha."

Mume wangu akainua kisu kutoka majini. "Anachosha vipi?"

"Babu, wewe hujasoma. Kurasa nzima nzima anaongea habari za maji tu."

"Tofu ni maji," mume wangu akasema. "Maji yakiwa mabaya, maharage yatafanya nini?"

Wakatazamana. "Ndivyo anavyosema hasa!" msichana akapiga kelele. "Babu, unamwiga vizuri! Sema tena, nikurekodi."

Akakataa. Wakampigia makofi hata hivyo, kisha yule kijana akamshauri kwa heshima kwamba sauti ingefaa iwe nzito kidogo.

3. Wenyeji wamefuata. Bi. Ogushi wa nyumba ya tatu amenunua tofu kwetu kila asubuhi tangu alipoolewa. Mwezi uliopita aliacha. Nilipomuuliza, alisema, "Mama Itsue, nisamehe. Nikiiweka mdomoni inanikaa kooni. Juzi nimeiangalia tena ile sehemu." Nikamwambia Senzaburo yuko nyuma, anaosha ndoo. "Najua," akasema, akijifuta macho. "Namsikia. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi."

4. Gazeti langu mwenyewe, katika makala ya utalii ambayo sikuiandika mimi, lilimtaja kuwa marehemu. Ilinibidi niandike masahihisho. Yalisomeka hivi: "Katika toleo la Jumanne tulisema Bw. Kuwabata amefariki dunia. Yu hai. Tunaomba radhi kwa wasomaji walioguswa." Wasomaji wakapiga simu. Wengi walitaka kujua kwa nini gazeti linaharibu mwisho wa hadithi kwa watu ambao hawajaimaliza.

5. Bw. Nezu, mwenyekiti wa mtaa, alikuja na keki za wali kwenye sanduku, jambo ambalo hapa lina maana kwamba mtu ana ombi baya. Alikaa, akasifu chai, akauliza habari za goti langu. Kisha akasema, "Bwana Senzaburo, usinielewe vibaya. Hatukukatazi kuwa hai. Tunaomba tu Jumamosi na Jumapili."

"Jumamosi na Jumapili nifanye nini?"

"Usionekane. Wageni wanatoka mbali, wamejiandaa kuhuzunika, halafu wanakukuta unafukuza paka. Wiki iliyopita mama mmoja alinidai nauli yake."

Mume wangu akajibu kwamba ni sawa. Tangu hapo, mwisho wa wiki anatengeneza tofu alfajiri, anatoka kwa mlango wa nyuma kabla ya treni ya kwanza, na harudi hadi jioni. Mimi nabaki kwenye kaunta kupokea pole. Ndugu Mtayarishaji, nimepokea pole nyingi kuliko dada yangu aliyefiwa kweli.

6. Chama cha mtaa, anachokiongoza Bw. Nezu huyohuyo, kilimwita Jumatano kuzibua mitaro pamoja na wanaume wengine. Nilipouliza marehemu anazibuaje mitaro, Bw. Nezu alinieleza kwamba Jumatano hakuna wageni.

7. Supamaketi iliyo karibu na kituo cha treni sasa inauza tofu ya kiwandani yenye picha ya mume wangu kwenye mfuniko, macho yakitazama mbinguni. Nimeionja. Nimewahi kuonja sifongo pia, kwa bahati mbaya, nilipokuwa mtoto. Inauzika kuliko yetu. Meneja aliniambia bila aibu kwamba watu wanapenda kumuenzi mzee. Nikamwambia mzee anaweza kuenziwa kwa kununua tofu yake. "Mama," akanijibu, "ile ya kwenu haina picha yake."

Nimefikiri juu ya yote haya kama mtu aliyezoea kupima habari kabla ya kuiandika, na mapendekezo yangu ni ya haki kwa pande zote.

Pendekezo la kwanza: afufuliwe katika msimu wa pili. Hakuna aliyeuona mwili wake ukizikwa. Baada ya lile tabasamu mlionyesha mwavuli tu, na mwavuli si cheti cha kifo. Inatosha aingie dukani akiwa amelowa, anung'unike, aendelee na kazi. Nimewaandalia hata maneno ya masahihisho ya kuweka mwanzoni, nayo ni mafupi.

Pendekezo la pili, ikiwa mmeshaahidi watu kwamba hatarudi: basi kifo kigawanywe sawasawa. Auawe pia mwenyekiti wa mtaa, ambaye mmemchora mwembamba kuliko alivyo. Auawe meneja wa supamaketi, kwa ajali ya friji. Sina ubaya na kinyozi, lakini sioni kwa nini abaki peke yake. Mtaa mzima ukifa, wote tutatokea mlango wa nyuma na hakuna atakayemcheka mwenzake.

Pendekezo la tatu, ikiwa hilo nalo ni gumu: ofisi yenu itoe barua rasmi yenye mhuri kwamba mume wangu amekufa siku zote saba za wiki, Jumatano ikiwemo. Nitaipeleka kwa Bw. Nezu mwenyewe. Mtu akishakufa, mitaro haimhusu.

Nasubiri jibu lako. Wasalimie wachoraji wote, hasa aliyechora mvuke wa soya asubuhi, kwani huyo alikuja kweli na akatazama. Msalimie mwigizaji aliyempa mume wangu sauti, alikohoa vizuri. Wasalimie wazazi wako kama wapo, na kama hawapo, hakikisha kwanza.

Wako katika ukweli,
Itsue Kuwabata

Nyongeza: Barua hii ilikaa mezani siku kadhaa kwa kukosa stempu, na Senzaburo ameisoma. Aliiweka chini akasema, "We Itsue, nani alikwambia nataka kufufuka?" Ndipo nikajua kwamba kila Jumamosi na Jumapili anapanda basi kwenda kwenye chemchemi ya maji moto huko milimani, anakaa ndani ya maji hadi shingoni pamoja na wazee wasioangalia katuni, anakula tambi, analala mchana. Kwa maisha yake yote ya kazi hajawahi kupumzika siku mbili mfululizo. Jumapili jioni alirudi mwekundu kama kamba aliyechemshwa, akaniletea andazi la mvuke, akasema maji ni mazuri na ingefaa niyaone. Tangu tuoane sikumbuki kama amewahi kunialika mahali popote.

Kwa hiyo nayafuta mapendekezo yote matatu. Msimfufue. Lakini nimechunguza na kugundua kwamba mke wa muuza tofu, ambaye kitabuni ana ukurasa mmoja na nusu, ninyi hamkumweka kabisa, na ndiyo maana mwisho wa wiki nakaa kwenye kaunta nikiwa hai. Naomba aingizwe katika msimu wa pili, na afe mapema. Ugonjwa wowote mfupi utanifaa, na si lazima watu walie. Ikiwezekana iwe kabla majani hayajageuka rangi, maana vuli ikifika vyumba vya huko kwenye chemchemi hujaa.