Makopo ya Yogati Yaenda Upper Hill

Jumatatu, 3 Machi

Nimeacha kuuza bima. Sasa mimi ni mwenye kiwanda! Kiwanda chenyewe ni oveni ambayo mke wangu Shiko huokea keki za harusi, lakini hajaulizwa bado. Mpango: makopo ya yogati, vibakuli vya chipsi na samaki, mifuko ya mkate, vyote vimetupwa tele hapa mtaani kwetu Dagoretti Corner. Nayeyusha, natengeneza vyombo vipya vya chakula, vinavyong'aa. Jirani yetu Tobias naye huyeyusha plastiki, ila hutoa nguzo za ua. Nguzo! Mtu hana ndoto.

Jumanne, 4 Machi

Bakuli la kwanza limetoka na rangi ya maji ya kudekia sakafu. Linanuka stroberi na samaki. Tobias alichungulia akasema nimechanganya plastiki za kila aina. Moja inaungua, nyingine haijaanza hata kulainika. Nguzo haijali, akasema, bakuli linajali. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeosha makopo kwa sabuni ya unga. Mafuta ya chipsi yamegoma kutoka. Gundi ya lebo ndiyo kabisa. Basi, vyote vitayeyukia humo humo. Shiko aliuliza moshi mweusi jikoni ni wa nini. Nikasema ni stima inasumbua. Alikuwa na keki ya harusi ya kuoka. Nikampisha. Mimi si mchoyo.

Alhamisi, 6 Machi

Keki inanuka samaki. Mama wa bibi harusi ameirudisha. Shiko alilia, kisha akanifungia mlango wa jikoni. Nikakimbilia Upper Hill na bakuli langu bora, kwa Milcah, msimamizi wa kantini ya ofisi moja.

Akaligeuzageuza. "Hili limepimwa?"

"Ndio, madam. Kwa rula."

Akanitazama sana. Akapakua maharagwe ya moto. Bakuli likalegea, likalala ubavu, maharagwe yakamfuata hadi mapajani. Huku akipangusa sketi, alieleza kwa upole kwamba plastiki ya chakula hutenganishwa kwa aina, huoshwa vizuri, kisha maabara ihakikishe haina sumu. Nikimaliza hayo, nirudi. Nirudi! Amependa.

Ijumaa, 7 Machi

Tobias amejitolea kuchukua plastiki yote iwe nguzo, na kusaidia kutengeneza oveni ya Shiko, ambayo eti nimeiharibu. Nilikuwa nakataa kwa heshima, Shiko akampelekea magunia ya plastiki yeye mwenyewe. Jikoni bado siruhusiwi.

Jumapili, 9 Machi

Shiko ameoka keki nyingine nyumbani kwa dada yake, Nyakio, na harusi imefanyika. Kanisani nilipata nafasi ya kufikiri. Milcah anataka nitenganishe? Nitatenganisha: makopo mekundu huku, meupe kule. Harufu itatulizwa na vanila. Kuhusu kulegea, kosa ni la maharagwe. Yalikuwa ya moto mno. Nitamtafuta muuza aiskrimu.

Nyakio anasafiri kesho. Oveni yake ni kubwa kuliko yetu.